Niliuza Bipu ya Bibi kwa Kifurushi cha Tatu kwa Moja

Kosa ni langu. Nalitanguliza ili usipoteze huruma yako bure, maana najua msomaji wa maungamo kama haya huanza mapema kumtafutia mwandishi sababu. Usinitafutie. Nilikuwa na akili timamu, nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa nimeonywa!

Aya hiyo fupi nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi. Ndivyo nilivyo. Picha ikipinda ukutani situlii. Waya ukijikunja nyuma ya meza naufungua wote na kuupanga tena. Ujumbe wa neno moja, "sawa", nausoma mara tatu kabla ya kuutuma. Watu husema huo ni umakini. Umakini gani! Ni ugonjwa, na leo nitakueleza jinsi ulivyomlaza bibi yangu chini.

Naishi Izia, hapa Sumbawanga, pamoja na mama. Mama anauza maharage na ulezi sokoni. Mimi nabuni kadi za harusi na kuhariri video za kipaimara, kazi niliyojifundisha mwenyewe mtandaoni. Chuo sikukanyaga. Jambo hilo lilinipa kiburi kibaya kuliko cha waliosoma. Kila nilichokijua nilikuwa nimekichimba kwa kucha zangu, kwa hiyo niliamini hakuna mtu wa kunidanganya.

Bibi, yaani mama yake mama, alikuwa akiishi Mpui. Peke yake, na mbuzi wake, na shamba lake la mahindi. Tulimbembeleza ahamie mjini, akasema mjini watu wanakula unga wa dukani na hawaoni haya. Akabaki kwake.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu bipu, maana ndiyo kila kitu.

Bibi hajui kusoma. Alikuwa na simu ndogo ya tochi, na mama alimwekea namba yake kwenye kitufe cha pili. Akikibonyeza na kukishikilia, simu ya mama inalia. Basi kila asubuhi, akishawafungulia mbuzi, bibi alibonyeza, akaacha ilie mara moja, akakata. Maana yake: nimeamka, mzima. Mama, hata kama anampimia mteja maharage, alijifuta mkono na kubipu mara moja. Maana yake: nimesikia.

Bipu mbili mfululizo zilimaanisha: nina shida, nipigie. Na asubuhi ikipita kimya, mama alikuwa anafunika magunia yake, anamwachia jirani meza, anakwenda kupanda gari la Mpui. Iliwahi kutokea. Bibi alikuwa na homa kali, na mama alimkuta bado anaweza kuongea.

Haikugharimu chochote. Haikuwa na mkataba. Hakuna aliyeitangaza redioni.

Na mimi niliidharau! Marafiki wakija nyumbani, simu ya mama ikalia mara moja na kukatika, nilikuwa naona aibu.

"Mama, kubipu ni umaskini," nilimwambia siku moja.

"Umaskini ni kukosa wa kumbipu," akanijibu, akaendelea kupepeta.

Nilicheka. Nilidhani ni maneno tu ya mama wa sokoni.

Ikaja kampuni. Jina silitaji; wewe mwenyewe umeshawaona, wale wenye mwavuli wa rangi kali na spika inayopiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Wakala wao aliitwa Fredi, kijana wa rika langu, fulana imepigwa pasi, meno yote nje. Kazi yangu inakula intaneti kama ng'ombe anavyokula mabua, na nilikuwa nimechoka na vifurushi vya siku vinavyoisha video ikiwa imefika katikati. Nikamfuata.

"Nataka intaneti ya nyumbani. Intaneti tu," nikamwambia.

"Ipo, mkuu. Elfu sabini kwa mwezi."

"Na hii tatu kwa moja? Intaneti, televisheni na simu ya nyumbani?"

"Hamsini na tano."

Nikamwangalia. Akaniangalia.

"Yaani nikichukua vitatu nalipa pungufu kuliko nikichukua kimoja?"

"Ndiyo maana tunaita ofa, mshikaji!"

"Na nikichukua vitatu halafu nikavitupa viwili hapa hapa kwenye mtaro?"

"Utakuwa umetupa vyako. Bei haibadiliki."

"Na nikikuachia viwili, usinipe kabisa?"

"Hapo sasa umevunja kifurushi. Inarudi sabini."

Hebu fikiria upuuzi huo! Uende kwa mama sokoni, uombe debe la maharage, akuambie maharage peke yake ni bei juu, lakini maharage pamoja na kuku na jembe ni bei chini. Useme kuku sina pa kumweka. Akujibu: ukimkataa kuku, maharage yanapanda. Sokoni kwetu mtu wa namna hiyo wangemtafutia ndugu zake waje wamchukue. Lakini akivaa fulana ya kampuni na kusimama chini ya mwavuli, vijana wenye akili wanapanga foleni.

Nami nilipanga. Tena kwa furaha! Nilikaa jioni nzima nikilinganisha bei za kampuni zote, nikapata jibu kwamba bei ile haina mpinzani. Sikujiuliza swali moja dogo: mfanyabiashara anayekulipa ili uchukue kitu, anakitoa kwa nini?

Mama alijiuliza. Nilipomweleza aliacha kuchambua maharage.

"Mtu akikupa kuku kwa bei ya kumkataa," akasema, "mkague huyo kuku."

"Mama, hii ni teknolojia."

"Haya. Ikague hiyo teknolojia."

Sikukagua. Kulikuwa na sharti moja, na Fredi alilitoa mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo dogo. Simu ya nyumbani haikutakiwa kuwa na namba mpya. Ilitakiwa namba inayohama kutoka mtandao mwingine. Bila kuhamisha namba, ofa inakufa.

Sikuitoa yangu. Naomba usome hapo polepole. Namba yangu imeandikwa chini ya kila kadi niliyowahi kubuni, wateja wananijua kwa hiyo. Niliona namba yangu ina kazi. Ya mama niliona haina.

"Namba yangu mama yangu anaijua kwa kidole," mama alisema. "Isiguswe."

Nikampeleka kwa Fredi. Fredi akamwinamia kama padre.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Namba ni ile ile mama yangu, haiguswi hata tarakimu moja. Kinachobadilika ni maisha tu!"

Mama alinitazama mimi, si Fredi. Nikatikisa kichwa kumwambia ni kweli. Akaweka kidole gumba kwenye kile kifaa cha alama za vidole. Basi. Namba ya mama ikatoka mfukoni mwake ikaenda kukaa kwenye simu ya mezani, sebuleni kwetu, pembeni ya televisheni. Kwa ajili ya sokoni nikamnunulia laini nyingine, ambayo huko Mpui hakuna aliyeijua. Tukakubaliana kwamba asubuhi bibi akibipu, nitasikia mimi, nitambipu mama. Mpango mzuri kabisa. Nilijipongeza.

Siku ile ile niliijaribu ile simu kwa kuipigia kutoka kwenye yangu. Ililia mara moja tu. Kabla mkono wangu haujafika mezani, sauti ya msichana ikadaka:

"Habari! Umepiga simu nyumbani kwa mteja wetu wa thamani. Tafadhali acha ujumbe wako baada ya mlio."

Na salio langu likakatwa.

Nilielewa pale pale. Nataka ulijue hilo. Sikuwa mjinga ambaye mambo yalimpita. Nilielewa kwamba bibi akibipu, yule msichana atadaka, bipu itageuka kuwa simu kamili, na vocha ya bibi italiwa. Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akaja mtu.

"Naomba mniondolee huyu anayepokea," nikasema.

"Hiyo ni huduma ya bure ndani ya kifurushi, mpendwa mteja."

"Ndiyo, siitaki."

"Tunaweza kuiondoa. Lakini kifurushi chako hakitakuwa kamili, kwa hiyo utapoteza faida ya ukamilifu. Bei itarudi ya kawaida."

Faida ya ukamilifu! Yaani nilipe zaidi ili wanipe pungufu! Ningekuwa mtu mzima ningecheka, nikakata simu na kuchomoa waya wote ukutani. Lakini neno "kamili" mimi linanishika pabaya. Nilishawatangazia washikaji wote kwamba kwetu mawasiliano yote ni hamsini na tano, hata shilingi haizidi. Nilitaka hesabu ibaki imenyooka kama picha ukutani.

Nikamwacha msichana apokee.

Nikampigia bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu!" Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nikiwa mtoto, utani wa bibi na mjukuu. "Umenikumbuka leo? Ng'ombe za mahari umeshapata?"

"Bado natafuta. Bibi, kuanzia sasa usibipu. Nitakuwa nakupigia mimi kila asubuhi. Tuna dakika zisizoisha."

"Haziishi? Za nani hizo?"

"Zetu, bibi."

"Haya mume wangu. Usinisahau."

Dakika zisizoisha, kumbe, ni kwa mtandao wa kampuni ile tu. Kwa bibi unashika mtandao mwingine, mmoja peke yake, tena mpaka asimame karibu na zizi. Kila nilipompigia, pesa ilitoka nje ya kifurushi. Pesa ndogo! Bei ya maandazi. Nilikuwa nayo. Lakini kila ilipokatwa nilisikia kama mtu amenichafulia ukuta niliotoka kuupaka chokaa.

Nikampigia asubuhi za mwanzo. Kisha nikaruka moja. Kisha nikaanza kujiambia nitampigia jioni.

Mama akirudi kutoka sokoni, kabla hajavua kitenge, anauliza: "Umeongea na bibi yako?"

"Nimeongea naye. Mzima."

"Kasemaje?"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo ninapojidharau mpaka natamani kujitemea. Sikuweza kusema "hakusema kitu". Uongo mtupu haunitoshi. Nilitaka uwe mzuri. Nikaupiga pasi.

"Anasema mbuzi mmoja amezaa."

"Weee! Yupi? Yule mweusi?"

"Huyo huyo mweusi."

Mama alifurahi. Akala ugali wake akitabasamu, akipanga jina la mtoto wa mbuzi ambaye mimi ndiye niliyemzaa.

Katika siku hizo ile simu ya mezani ilianza kuwasha kitaa chekundu. Kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Maana yake kuna ujumbe. Kitaa kilinikera, nikashindwa kuhariri nikikiona kwa jicho la pembeni. Kusikiliza ujumbe, kwa mujibu wa mkataba, kunalipiwa nje ya kifurushi. Unaona walivyo? Kurekodi bure, kusikia kwa pesa! Nikakata kipande cha plasta ya kidonda, nikakibandika juu ya kitaa. Sebule ikatulia.

Televisheni nayo ilikuwa na chaneli nyingi mno. Wazungu wakipika vitu ambavyo hatuvili, wanaume wakisukuma mpira mdogo kwenye majani. Mama alikuwa akiitazama kidogo, anasinzia.

Ikafika siku nilimpeleka mama sokoni magunia ya ulezi. Nilikuwa bado nayapanga, yalale kwa mstari ulionyooka, nilipomwona Mama Skola. Huyu ni jirani ya bibi kule Mpui, ukuta kwa ukuta. Kwa kawaida akija mjini analeta maharage. Siku ile hakuwa na mzigo. Hakutusalimia.

"Nyie ni watoto wa namna gani?" akasema kwa sauti, na wanawake wa meza za jirani wakageuka.

Mama akasimama. "Mama Skola, kuna nini?"

"Mama yako ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kihenge cha mahindi. Mguu hausimami. Nimemtoa chini mimi na mwanangu. Unajua nilijuaje? Mbuzi walikuwa wanalia zizini jua limepanda. Mbuzi, mama! Mbuzi ndio walioniita!"

"Mbona hukunipigia?"

"Sikukupigia?" Mama Skola akapiga makofi ya mshangao. "Nimeweka vocha kwenye simu yake nikapiga, nimepiga na kwa yangu. Msichana wenu ananiambia niache ujumbe. Niuache wapi, kichakani? Namwambia niitie mwenye nyumba, ananijibu kwa mlio. Tiii! Ndivyo mnavyolea watoto huku mjini?"

"Msichana gani?" mama akauliza.

Nilikuwa nimeshika gunia. Sikuliacha. Nililinyoosha kidogo, likae sawa na mengine. Mikono yangu haina aibu.

Tulipanda gari la Mpui. Mama alikuwa hajaniuliza kitu bado, maana akili yake ilikuwa mbele, kwa mama yake. Baridi ya asubuhi ilikuwa imeshika vioo, na mimi nilikuwa napanga maelezo, naanza, nafuta, naanza.

Bibi alikuwa nyumbani kwa Mama Skola, kwenye mkeka, mguu umevimba, umefungwa kwa kanga. Alipomwona mama alishika uso wake kwa mikono miwili. Wakaongea Kifipa, haraka haraka, nami nilishika nusu. Kisha akaniona.

"Mume wangu," akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri. "Umeoa bila kunitaarifu."

"Sijaoa, bibi."

"Usinifiche. Mke mwenzangu anapokea simu yenu kila siku. Ana sauti nzuri. Lakini hana adabu! Nilikuwa naona hunipigii, nikasema ngoja nibipu, mwanangu ajue nimeamka. Kabla sijakata, yeye ameshadaka. Namsalimia, ananikatiza. Napiga hodi kwenye simu, hodi, hodi, hakuna karibu. Vocha yangu yote amekula yeye. Nikauza kuku ninunue nyingine, nayo akala."

Mama alinigeukia.

"Na siku nilipoanguka, pale kando ya zizi," bibi akaendelea, "simu ilikuwa kiunoni. Nikabipu. Akadaka. Nikabipu ya pili, ndiyo ile ya shida. Akadaka. Nikamwambia, mwanangu, hata kama hunipendi, mwambie mama mkwe wako nimeanguka. Akaniambia Habari! Kisha simu ikaniambia sina salio."



Mama aliinuka, akatoka nje. Nikamfuata. Alisimama kwenye zizi la bibi, mikono juu ya mti, akiwatazama mbuzi. Yule mweusi alikuwa pale, mkavu, hana mtoto.

"Yule mbuzi aliyezaa," mama akasema taratibu. "Alizaa wangapi?"

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kitu cha kurekebisha.

"Nilikuwa nakuuliza kila jioni," akasema. "Kila jioni! Ungeniambia hukumpigia, ningempigia mimi. Nina mdomo. Nina vocha. Ulininyima hata kuwa na wasiwasi."

Hakunipiga, hakunitukana. Alirudi ndani akamwinua mama yake.

Hospitalini daktari alitazama picha ya mfupa akasema, "Huyu angewahi kuletwa..." kisha akatazama nyuso zetu, akaacha sentensi pale pale. Nimeimalizia mimi, kila siku, kwa namna tofauti. Bibi anatembea kwa fimbo sasa, mguu umekaa upande. Shamba la Mpui wanalima wengine. Mbuzi waliuzwa, yule mweusi pia. Yule mwanamke aliyekataa unga wa dukani anakula unga wa dukani, Izia, na hasemi kitu.

Kampuni? Nilikwenda kuvunja mkataba. Fredi alikuwa na fulana mpya. Akanieleza, meno nje, kwamba kuvunja mkataba ni ghali kuliko kuendelea nao, na kwamba hata hivyo miezi ya ofa imekwisha, kwa hiyo tatu kwa moja sasa iko juu ya ile sabini niliyoikimbia. "Ila bado una faida ya ukamilifu, mkuu!" Nilimtazama nikatafuta hasira, nikaikosa. Kumdharau Fredi ni rahisi mno. Yeye alikuwa anauza. Mimi ndiye niliyenunua, tena kwa mali isiyo yangu. Nililipa, namba ikarudi kwenye simu ya mama.

Kabla ya kurudisha vifaa vyao nilibandua ile plasta. Nikalipia kusikiliza ujumbe mmoja, wa kwanza. Kulikuwa na upepo wa Mpui, na kuku, na mbuzi. Kisha sauti ya bibi: "Hodi humo?" Ikanyamaza, ikisubiri. Nikaweka simu chini. Mingine sikuweza.

Lakini sijafika mwisho wa ubaya wangu. Bibi aliendelea kuamini kuna binti. Alikuwa akiuliza, "Mke mwenzangu yuko wapi? Mmemfukuza kwa sababu yangu?" Na mimi nikajibu ndiyo! Nilimwacha amlaumu msichana asiyekuwepo, kwa sababu ilikuwa nafuu. Mpaka juzi aliponiita akasema: "Mtoto wa watu msimfukuze. Kakosea, lakini ni kijana. Mrudishe, nitamfundisha adabu mwenyewe."

Alimsamehe, unaelewa? Alimsamehe mashine!

Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikamweleza yote. Bei, namba, plasta, mbuzi mweusi. Nilipomaliza aliuliza:

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni sauti tu."

"Nilimweleza mambo mengi yule," akasema. "Nilimweleza na mguu unavyouma."

Akageukia ukuta. Tangu siku ile ananiita kwa jina langu la ubatizo.

Usiniandikie pole. Wala usinitumie hadithi ya jinsi wewe ulivyopata kifurushi kizuri zaidi, maana najua upo, na najua ulilinganisha bei jioni nzima. Nakuambia hili tu: ukiona kitu kimoja kinauzwa ghali kuliko kikiwa na vingine viwili, ujue hivyo viwili vinakuja kuchukua kitu kwako. Usihesabu utakachopata. Zunguka nyumbani kwenu kwanza, uangalie kile kidogo kinachofanya kazi bila kelele na bila bei, ambacho wewe umekwishakionea aibu. Hicho ndicho watakachokuomba. Na hawatakunyang'anya. Utawapelekea mwenyewe, umemshika mama mkono!

Asubuhi hii bibi aliamka kabla yetu. Analala chumba cha pili, ukuta mmoja na jiko. Nilisikia fimbo yake sakafuni, kisha kimya, kisha simu ya mama ikalia mara moja jikoni, ikakatika. Mama aliacha uji, akajifuta mkono, akabipu. Kule chumba cha pili simu ya bibi ikalia mara moja.

Mimi nilikuwa sebuleni na simu yangu mkononi. Ina chaji, ina mtandao, ina salio. Haikulia.